Kabla Hujaipakia Mkokotenini, Toa Plagi Kwanza

Nitasema kitu ambacho mafundi wangu watanichukia kidogo, halafu baadaye watanishukuru. Pikipiki nyingi zinazobebwa kwenye mkokoteni, tuktuk na trela za kuchomelea hapa Mombasa hazikufaa kubebwa. Zilifaa kuangaliwa kwa dakika kumi hapo hapo zilipozimika. Na zile zilizofaa kubebwa kweli, tunazibeba vibaya mpaka zinafika gereji na ugonjwa wa pili ambao hazikuwa nao zilipotoka nyumbani.

Sasa kabla hujaniambia "wewe si fundi", sawa, mimi si fundi. Mimi ni mtu wa kamera na simu. Lakini nakaa Mji wa Kale, na kama wewe ni wa huku unajua habari zote hupita barazani. Ukikaa pale Kibokoni jioni moja tu, utaona angalau pikipiki moja inasukumwa. Mwenyewe ametoa helmeti ameitundika kwenye usukani, jasho linamtoka, na kila baada ya hatua ishirini anasimama anapiga kiki tano za hasira. Pikipiki inakohoa, inanyamaza. Watu wa baraza wanatoa ushauri. Mmoja anasema betri, mwengine anasema ringi zimekufa, mzee mmoja anasema ni macho ya watu.

Hakuna hata mmoja anayesema: "Hebu toa plagi tuione."

Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa nini ni jambo kubwa

Tusijifanye tunazungumzia mchezo. Tangu 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, hii nchi imebadilika. Kijana ambaye zamani angekaa kijiweni akingoja kazi ya bandarini, leo ana Boxer au TVS, na mara nyingi si yake bado. Ni ya mkopo. Kila siku kuna pesa ya kupeleka, iwe injini imewaka au haikuwaka. Mkopo haujui habari ya kabureta.

Kwa hivyo pikipiki ikikataa kuwaka saa moja asubuhi pale Mwembe Tayari, hesabu inaanza hapo. Abiria wa asubuhi wamekwenda. Mbebaji anataka pesa yake. Fundi anataka pesa ya kufungua tu, kabla hajagusa kitu. Spea inatafutwa. Ikifika saa tisa pikipiki imewaka, siku imekufa, na usiku mwenye mkopo anapiga simu. Ukifanyiwa hivyo mara tatu kwa mwezi, unaanza kukopa ili ulipe mkopo. Najua majamaa waliopoteza pikipiki zao kwa njia hiyo. Haikuibiwa, haikugongwa. Iliondoka polepole kwa safari za mkokoteni.

Halafu kuna kundi la pili: sisi wa skrambla. Tumenunua zile Yamaha na Honda za zamani zilizokuwa za ofisini, za maafisa wa kilimo na wa afya, au zile za Kichina mpya zenye matairi ya vidole. Siku ya wiki inakaa chini ya ngazi imefunikwa turubai. Wikendi tunataka kwenda kwenye mchanga na matope nje ya kisiwa. Wengine wana ndoto za kufika Jamhuri Park, Nairobi, kwenye uwanja wa motokrosi, na hiyo ni safari ya karibu kilomita 480 ambayo hutaki kuiendesha kwa matairi ya matope. Kundi hili ndilo linaloongoza kwa trela za bei rahisi na injini ngumu kuwaka. Tunapenda picha kuliko koki ya petroli.

Kubeba vibaya kunaleta ugonjwa

Hiki ndicho kisa ambacho hakisemwi.

Ukilaza pikipiki ya kabureta kwa ubavu ndani ya tuktuk, gurudumu moja nje, mtu mmoja amelikalia ili lisidondoke, unafanya mambo manne kwa pamoja. Petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta inamwagika, nyengine inaingia ndani ya injini. Koki ikiwa wazi, tangi linaendelea kumimina. Oili ya injini inapanda mahali isipostahili, inafika kwenye chujio la hewa au juu ya pistoni. Na kama betri yako ni ile ya maji, asidi inadondoka juu ya nyaya na fremu.

Sasa imefika gereji. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa labda kifuniko cha plagi kimelegea. Lakini fundi hakukuta ugonjwa huo. Amekuta injini imelewa petroli, plagi imeloa, chujio lina oili. Atatibu anachokiona. Atasema kabureta imekufa, au ringi zinapitisha oili. Si mwongo! Anasoma dalili ulizomletea wewe. Umelipa mtu akuongezee ugonjwa, halafu ukalipa mtu mwengine autibu, na kile kifuniko cha plagi bado kimelegea. Baada ya siku mbili unarudi pale pale, unasema "fundi ni mwizi".

Hata ikibebwa wima, koki ikiwa wazi kuna shida. Barabara zetu mnazijua. Kila bonde linarusha kabureta, ile sindano inayozuia petroli inacheza, petroli inapita. Ukifika unapiga kiki mpaka goti linauma. Kwa hivyo kanuni ya kwanza, iandike kwenye kiganja: pikipiki ikibebwa, koki ifungwe na isimame wima. Haihitaji pesa.

Dakika kumi

Injini ya petroli inataka vitu vinne: moto, petroli, hewa na kompresheni. Hakuna cha tano. Macho ya watu hayamo.

Anza na mambo ya aibu, manake hayo ndiyo yanayotukamata. Ile swichi nyekundu ya kuzimia injini iko wapi? Mtoto akicheza na pikipiki barazani anaibonyeza, wewe unakuja kupiga kiki nusu saa. Nimeona jamaa akiitoa pikipiki Ndia Kuu mpaka nje ya mji kwa mkokoteni, akalipa, akafika, fundi akabonyeza swichi ikawaka. Fundi hakumtoza. Alicheka tu, na kicheko kile kilikuwa ghali kuliko pesa. Angalia koki pia, iweke kwenye akiba. Tikisa tangi usikie. Halafu fungua kifuniko cha tangi ujaribu kuwasha. Ikiwaka kifuniko kikiwa wazi na kuzima kikifungwa, kile kitundu cha kupumulia kimeziba na petroli haishuki. Kizibue kwa sindano, umemaliza.

Bado? Toa plagi. Spana ya plagi ni chuma cha bei ya chakula cha mchana, na pikipiki nyingi huja nayo chini ya kiti. Kwanza futa mchanga unaozunguka plagi, usije ukaudondosha ndani ya injini. Itoe, iangalie kama daktari anavyoangalia ulimi.

Plagi ikiwa imeloa petroli, petroli inafika lakini haichomwi. Ama injini imelewa, ama moto haupo. Funga koki, fungua mkono wa mafuta wote, piga kiki kadhaa plagi ikiwa nje ili petroli itoke. Acha ipumue. Kausha plagi, isugue kwa msasa au brashi, irudishe.

Plagi ikiwa kavu kabisa baada ya kiki kumi, petroli haifiki. Usiguse mambo ya umeme. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze. Petroli ikitiririka, njia ya kutoka tangini ni nzima na shida iko ndani ya kabureta. Isipotoka, fuata mpira kurudi nyuma: chujio, koki, tangi.

Plagi ikiwa nyeusi kama sufuria ya mkaa, petroli imezidi hewa. Angalia chujio la hewa, na uangalie kama choki imekwama.

Kisha moto. Ichomeke plagi kwenye kifuniko chake, gusisha mwili wake wa chuma kwenye injini, mbali na lile tundu ulilolitoa na mbali na petroli yoyote iliyomwagika. Hili la mbali si urembo, mvuke wa petroli unawaka usoni. Mwambie mtu apige kiki. Cheche nene ya buluu, moto upo. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa, au hakuna kitu, jaribu plagi mpya kwanza. Plagi ni shilingi mia chache. Ndiyo maana kila mwenye pikipiki anafaa kutembea na moja mfukoni kama anavyotembea na chaja.

Moto upo, petroli ipo, bado hataki? Ziba lile tundu la plagi kwa kidole gumba na upige kiki. Kidole kisukumwe kwa nguvu. Kisiposukumwa, kompresheni ndogo, na hapo sasa ndio unaita mbebaji. Hapo una haki. Lakini hata hapo unafika kwa fundi ukiwa na maneno: "Moto upo, petroli inafika, kompresheni hafifu." Fundi akisikia sentensi hiyo, mazungumzo ya bei yanabadilika. Wallahi yanabadilika.

Magonjwa ya kisiwa

Kuna mambo ambayo video za Wamarekani na Wahindi hazitakwambia, manake wao hawakai juu ya bahari.

La kwanza, chumvi. Sisi tumezungukwa na maji pande zote. Upepo wa Kizingo na Mama Ngina ni mtamu kwa matembezi, lakini kwa nyaya ni sumu. Zile soketi za nyaya chini ya tangi zinaota ukungu wa kijani. Waya wa ardhi, ule uliofungwa kwenye fremu, unaota kutu. Moto unakuwa dhaifu asubuhi kukiwa na unyevu, jua likipanda pikipiki inawaka, na wewe unafikiri imejitibu. Haikujitibu, imekauka tu. Fungua soketi hizo mara moja kwa miezi michache, safisha, paka grisi kidogo. Ni kazi ya Jumapili moja.

La pili, petroli. Mnakumbuka mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa? Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kuzuia watu wanaoyachanganya na mafuta ya magari. Mafuta ya taa hayawaki kwa urahisi kama petroli, hasa injini ikiwa baridi. Kwa hivyo ukinunua petroli ya chupa pembeni ya njia kwa sababu imepungua shilingi kumi, na kesho yake pikipiki inataka kiki thelathini, unajua pa kuanzia. Mwaga kidogo kwenye sahani nyeupe, iache kivulini mbali na moto. Petroli safi itaruka isiache kitu. Ikibaki na mafuta mafuta, umeuziwa taa.

La tatu linawahusu wa skrambla: kulala. Petroli ikikaa kwenye kabureta wiki nyingi, sehemu nyepesi inaruka, inabaki kama gundi. Tundu la kwanza kuziba ni lile dogo kuliko yote, la kuwashia na la mngurumo wa chini. Dalili yake haijifichi: pikipiki inawaka kwa choki tu, ukiitoa choki inazima. Ukiijua dalili hiyo hutauziwa ringi. Dawa ni kufungua kabureta na kusafisha kitundu kwa upepo au uzi laini wa shaba, si kwa sindano ya kushonea, utakitanua. Na kinga ni rahisi zaidi: kabla hujaifunika turubai, funga koki uiache injini iunguze petroli yote mpaka ijizime.

La nne, valvu. Hili hata wa boda wazoefu hawalijui. Watu wanafikiri valvu zikiharibika zitapiga kelele. Ni kinyume. Valvu zinazopiga kelele zina nafasi. Zile zilizobana ndizo hatari, manake hazifungi vizuri, kompresheni inavuja kimya kimya. Pikipiki inayowaka asubuhi na kukataa ikiwa moto, mara nyingi ni valvu zilizobana, au koili inayokufa ikipata joto. Kuzipima ni kazi ya vipande vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita fila, na haimalizi saa moja. Mwambie fundi akupimie kabla hajakuuzia pistoni.

Na kuna siku moja ambayo usipige kiki kabisa: siku ya mvua kubwa, pikipiki imezama kwenye maji. Masika hapa kila mtu ameona barabara ikigeuka mto. Maji yakiingia juu ya pistoni hayagandamiziki. Ukilazimisha unapinda fimbo ya pistoni, na hapo umetoka kwenye plagi ya mia chache ukaingia kwenye injini nzima. Toa plagi, mwaga maji, angalia oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, usiwashe. Siku hiyo ibebe.

Sasa tubebe kama watu wazima

Mnajua nani bingwa wa trela Mombasa? Si yule mwenye pikapu. Ni hamali wa Marikiti.

Mtazame siku moja anavyopanga magunia. Hapakii tu. Anaweka gunia, anainua mikono ya mkokoteni, anasikia uzito, anasogeza gunia mbele kidogo. Hataki mkokoteni umuinue juu, wala hataki umkandamize chini. Anataka uzito mdogo tu uje upande wake. Hiyo ndiyo sayansi yote ya trela. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, trela itainua mkia wa gari na kuanza kutingishika kama mkia wa samaki, na ukifika mteremko mwendo umekolea, dereva hana la kufanya. Kwa hivyo gurudumu la mbele la pikipiki liwe mbele, na sehemu kubwa ya uzito ikae mbele kidogo ya ekseli. Hamali hakusomea. Alipima kwa mikono yake.

Ndani ya Mji wa Kale mkokoteni bado ni mfalme, na mimi sina tatizo nao. Zile njia zetu hazikujengwa kwa ajili ya gari lenye trela. Ukiingia nayo Mlango wa Papa utatoka kinyumenyume huku mtaa mzima unakuelekeza. Mpe hamali kazi yake, lakini iwe wima, imefungwa pande mbili, koki imefungwa.

Kwa safari ya nje ya kisiwa, trela ya bei rahisi si dhambi. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kutengeneza chuma kizuri. Lakini tuambiane ukweli kuhusu "bei rahisi". Pesa usibane hapa: beringi za magurudumu, matairi, ndoano ya kuunganishia pamoja na mnyororo wa usalama, na mishipi minne yenye kukaza. Beringi zetu zinakula chumvi, zijazwe grisi. Matairi madogo ya trela hupata joto haraka, upepo upimwe kabla ya safari. Mishipi miwili ya mbele ivute usukani chini na mbele mpaka shokoabzoba zishuke kiasi, zisifike mwisho. Miwili ya nyuma izuie mkia usicheze.

Na tafadhali, ile mipira ya blada muiache kwa kubebea mikate na magunia. Mpira unanyumbuka. Kila bonde pikipiki inaruka, mpira unanyooka, inarudi, na bonde la kumi inaanguka. Nimeona moja imening'inia nje ya trela pale Makupa, inaburuza kigingi chake na kutoa cheche, dereva hana habari, redio imefunguliwa mpaka juu. Nyuma yake kulikuwa na matatu imejaa watoto wa shule. Siku ile hakuna aliyeumia. Mtu hawezi kuishi kwa kutegemea "siku ile".

Sheria pia ipo. Trela Kenya inasajiliwa na kupewa namba yake inayoanza na Z. Ukichomelea chako ukakiunganisha na gari bila namba, bila taa, ukikutana na askari usiseme unaonewa. Kama hutaki habari hiyo, weka pikipiki nyuma ya pikapu.

Halafu kuna ile "ya bure": mwenzako anaweka mguu kwenye kigingi chako anakusukuma kwa pikipiki yake, mnavuka Daraja la Nyali bega kwa bega katikati ya malori. Najua ni undugu. Najua inasaidia. Lakini ile ni pikipiki mbili zilizounganishwa na goti la mtu mmoja. Barabara ndogo, polepole, sawa. Darajani, hapana.

"Lakini si kila mtu awe fundi"

Hii ndiyo hoja ninayoipata kila nikizungumza haya, na ina uzito. Mtu amechoka, ana abiria, ana mvua, hataki kuchafua mikono. Na fundi naye anataka kula. Tukitibu wote wenyewe, yeye ataishi vipi?

Jibu langu ni hili. Kujua kupima joto la mtoto wako hakujamfukuza daktari mjini. Kumempunguzia foleni, akapata muda wa wagonjwa wa kweli. Fundi mzuri hafaidiki na swichi iliyobonyezwa. Anafaidika na kazi ya valvu, ya klachi, ya injini, kazi zenye pesa ambazo anazifanya kwa haraka kwa sababu nje kuna pikipiki sita zenye plagi chafu na wenyewe wanapiga kelele. Anayefaidika na ujinga wetu ni yule fundi wa kubahatisha tu: anabadilisha plagi, ikikataa anabadilisha koili, ikikataa CDI, ikikataa kabureta, na kila kitu kilichobadilishwa umekilipa wewe.

Wengine wananiambia nisihangaike, umeme unakuja. Kweli, Septemba 2023 rais alizindua boda za umeme hapa hapa Mombasa, na kila siku naziona zaidi. Zile hazina plagi wala kabureta. Lakini zina nyaya na soketi, na chumvi ya bahari haijasoma kwamba hizi ni za kisasa. Na zikizima njiani zitabebwa. Somo la mishipi na uzito litabaki vile vile.

Ninachotaka

Sitaki kila mtu awe fundi. Nataka kila stendi ya boda iwe na kasha moja: spana ya plagi, plagi mbili za akiba, bisibisi, msasa, grisi ndogo, fila, mishipi minne ya kukaza. Nyinyi mna vyama. Mnachanga kila siku kwa ajili ya msiba na harusi, na ni jambo zuri. Mkichanga wiki moja tu mtanunua kasha hilo, na litarudisha pesa yake mwezi huo huo kwa safari za mkokoteni ambazo hazikufanyika.

Na nataka chama kikubwa kimoja, hata cha mtaa mmoja, kinunue trela moja nzuri yenye namba, iazimwe kwa wanachama. Leo kila mtu anajaribu kubeba peke yake kwa njia ya bei ya chini kabisa, ndiyo maana tunaona tuktuk zenye magurudumu matano.

Kwa wale wa skrambla, kabla ya kunionyesha picha mpya mchangani, nionyesheni plagi yenu.

Na wewe unayesoma haya kitandani, pikipiki yako iko chini nzima kabisa, jifunze sasa. Usingoje siku ikizima, siku hiyo utakuwa na hasira na hutasikia kitu. Kesho jioni, kabla ya magharibi, teremka na spana. Toa plagi ya pikipiki inayowaka vizuri, iangalie rangi yake, ipige picha, irudishe. Ile ndiyo rangi ya afya. Siku ikija kuugua utakuwa na kitu cha kulinganisha, na hamali ataendelea na magunia yake kwa amani.